Mahjub bin Adam: Askari wa Mahiwa Aliyedai Haki Yake Mpaka Berlin



Katika kijitabu hiki cha kila mwaka tumezoea kupata taarifa ya mapato na matumizi, orodha ya miradi, na kurasa chache za maisha ya mtu ambaye habari zake zinatuhusu. Safari hii tumemchagua mtu ambaye hakuzaliwa Lindi wala hakuzikwa Lindi. Hata hivyo alifanya kazi hapa mjini akiwa mtoto, na damu yake ilimwagika Mahiwa, kwenye njia tunayopita kila tunapokwenda Nyangao, Ndanda au Masasi. Huko Ujerumani wameandika kitabu juu yake, wametengeneza filamu, na wameweka jiwe la kumbukumbu mbele ya nyumba aliyokuwa akiishi. Kwetu wengi hawajapata kulisikia jina lake.

Jina alilopewa na wazazi ni Mahjub bin Adam Mohamed. Ujerumani alijulikana kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Ni mtu mmoja mwenye majina mawili, na kila mtu aliyewahi kufuatilia mafao ya mzee wake anajua majina mawili kwenye nyaraka yanavyoweza kumsumbua mtu.

Nimeombwa kuandika habari hizi kwa kuwa mimi ni mhasibu, na maisha ya mtu huyu kwa sehemu kubwa ni habari ya deni ambalo halikulipwa na kumbukumbu ambayo haikusahihishwa. Nitajitahidi kusema yaliyo ya hakika tu.

Mtoto wa askari

Mahjub alizaliwa Dar es Salaam tarehe 22 Februari 1904, wakati nchi yetu ikiitwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Baba yake alikuwa askari mwenye asili ya Sudan. Wasudani hao hawakufika hapa kwa bahati. Mwaka 1889, Hermann von Wissmann alipotumwa kuzima vita vya Abushiri kule pwani, aliajiri askari wa Kisudani kutoka Misri na akawaleta kwa meli. Wengi walibaki, wakaoa, wakazaa, na watoto wao wakakua wakizungumza Kiswahili kama watoto wengine wa pwani.

Ni lazima tuseme wazi, hasa sisi wa kusini, kwamba jina la askari wa Kijerumani halina sifa njema katika nyumba nyingi za huku. Alipozaliwa Mahjub ulikuwa umebaki mwaka mmoja tu vita vya Maji Maji vilipuke. Askari ndio waliotumwa kuchoma vijiji na kuteketeza mashamba, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Hatuandiki habari za Mahjub ili kulisifu jeshi lile. Tunaziandika kwa sababu yeye naye ni mtoto wa nchi hii, na yaliyompata yanafaa kujulikana.

Ilipofika mwaka 1913 mtoto huyu alikuwa amekwisha kujifunza Kijerumani, na akifanya kazi ya ukarani katika kiwanda cha nguo mjini Lindi. Alikuwa bado hajatimiza miaka kumi. Kwa siku hizo mtoto aliyejua kusoma, kuandika na kusema lugha ya watawala alikuwa na thamani kubwa. Yeyote anayeijua Lindi anaweza kukisia maisha yake: bandari, bahari iliyoingia mpaka ndani kama mkono, mto Lukuledi ukimwaga maji yake, na mizigo ya bara ikishuka kwa vichwa vya watu.

Mwaka 1914 vita vikuu vilianza Ulaya na kufika huku. Baba na mwana wakaingia jeshini. Mahjub alikuwa na miaka 10. Aliwekwa kwenye kazi ya ishara, yaani kupeleka na kupokea taarifa kati ya vikosi. Leo tungemwita mtoto aliyetumikishwa vitani, na sheria za dunia zingekataza. Wakati ule aliitwa askari, na kwa miaka iliyofuata aliishi maisha ya askari: mwendo, njaa, malaria na risasi.

Mahiwa, Oktoba 1917

Waingereza waliiteka Lindi Septemba 1916. Mwaka uliofuata walipanda bonde la Lukuledi wakilisukuma jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck. Kati ya tarehe 15 na 18 Oktoba 1917 majeshi hayo yalikutana Nyangao na Mahiwa. Upande wa Wajerumani walikuwepo watu kama 1,500. Upande wa Waingereza walikuwa karibu 5,000, na wengi wao hawakuwa Waingereza hata kidogo, bali askari wa Nigeria, wa King's African Rifles na wa nchi nyingine zilizotawaliwa.

Yalikuwa mapigano makali kuliko mengi yaliyotokea Afrika Mashariki katika vita vile. Waingereza walipoteza watu wapatao 2,700 kwa kufa, kujeruhiwa na kutekwa. Wajerumani walipoteza kati ya 500 na 600. Kwa hesabu hiyo Wajerumani walishinda, lakini hawakuwa na namna ya kujaza nafasi za waliopotea wala kupata risasi nyingine. Wakarudi nyuma, na tarehe 25 Novemba 1917 wakavuka Ruvuma na kuingia Msumbiji.

Katika mapigano hayo Mahjub alijeruhiwa na kuchukuliwa mateka na Waingereza. Alikuwa na miaka 13.

Wakulima wa vijiji vile walipoteza chakula, mifugo na vijana waliochukuliwa kubeba mizigo, kwa pande zote mbili. Ukisoma vitabu vya vita utakuta majina ya maofisa na idadi ya bunduki. Majina ya waliobeba maboksi ya risasi kutoka Lindi kwenda Mtama hutayakuta. Jambo hilo tutalirudia mbele.

Deni

Vita vilipokwisha mwaka 1918, Lettow-Vorbeck alisalimisha jeshi lake Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala, Zambia. Hakuwa na fedha ya kuwalipa askari wake. Aliwapa hati za kuonyesha kwamba wanadai mishahara. Yeye mwenyewe alirudi Berlin mwaka 1919 na kupokewa kama shujaa. Askari wake walirudi makwao na karatasi.

Mahjub hakuwepo Abercorn. Yeye alikuwa mikononi mwa Waingereza tangu Mahiwa. Katika uhasibu tunasema kwamba deni bila hati ni hadithi. Ndiyo hali aliyokuwa nayo: alitumikia, akajeruhiwa, akafungwa, lakini hakuwepo siku karatasi zilipogawiwa.

Baada ya vita alifanya kazi ya utumishi kwenye meli. Mwaka 1929 alikuwa mhudumu katika meli ya kampuni ya Kijerumani iliyokuwa ikipita pwani yetu, akashuka Ujerumani na kwenda Berlin. Alikwenda kudai malimbikizo ya mishahara yake na ya baba yake. Wizara ya Mambo ya Nje ya Ujerumani ilimjibu kwamba amechelewa. Serikali hiyo ilikuwa imekwisha kulipa malimbikizo ya askari huku Tanganyika miaka michache kabla, na muda wa kudai ulikuwa umepita.

Hapa naomba msomaji asimame kidogo. Wizara haikusema kwamba hakupigana, wala kwamba hadai. Ilisema muda umepita. Ni jibu ambalo wazee wetu wengi wamelisikia kwenye madirisha mbalimbali, na ndilo jibu rahisi kuliko yote kwa anayelitoa, kwa sababu halimlazimu kufungua jalada na kuangalia ndani.

Mahjub hakurudi. Alibaki Berlin, akapata kazi ya uhudumu katika Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe karibu na Potsdamer Platz lililokuwa na kumbi za kula zilizopambwa kwa mitindo ya nchi mbalimbali. Januari 1933, siku chache kabla ya Adolf Hitler kushika madaraka, alimuoa Maria Schwandner. Walipata watoto.

Nishani

Julai 1934 serikali ya Ujerumani ilianzisha nishani ya kuwakumbuka waliotumikia katika vita vya 1914 hadi 1918. Iliitwa Msalaba wa Heshima. Ilikuwa na aina tatu: moja kwa waliopigana mstari wa mbele, moja kwa waliotumikia vitani bila kupigana, na moja kwa wajane na wazazi wa waliokufa. Mtu hakupewa hivi hivi. Ilibidi aombe, aonyeshe alitumikia wapi, na maombi yake yahakikiwe. Mamilioni ya watu waliipata. Hata Wayahudi waliopigania Ujerumani waliipata, ingawa serikali hiyo hiyo ilikuwa imeanza kuwanyang'anya kazi na haki zao.

Mahjub aliomba nishani ya waliopigana mstari wa mbele. Kwa maelezo yake alistahili kabisa: alikuwa katika kikosi cha mapigano, alijeruhiwa vitani, na alitekwa na adui. Wizara ya Mambo ya Nje ilikataa.

Tukumbuke hakuwa raia wa Ujerumani. Sheria za kikoloni ziliwaita watu wa huku watu walio chini ya ulinzi wa dola, na hapakuwa na haki ya uraia ndani yake. Baada ya vita Tanganyika iliwekwa chini ya Waingereza, na ulinzi wenyewe ukapotea. Kwa hiyo alikuwa mtu aliyepigania nchi ambayo haikuwa yake, anaishi katika nchi hiyo, na kila alipogonga mlango aliambiwa hayumo kwenye orodha.

Hakunyamaza. Alijipatia mwenyewe sare ya askari na nishani, akavaa. Picha za miaka hiyo zinamwonyesha katika mikutano ya Wajerumani waliotaka makoloni yarudishwe, kijana mweusi mwenye sare, kifua mbele, bendera pembeni. Wenye mikutano walimtaka awepo, kwa sababu walipenda kuuambia ulimwengu kwamba askari wa Afrika walikuwa waaminifu kwao mpaka mwisho. Walihitaji picha yake. Karatasi yake hawakuitaka.

Wapo watakaomlaumu, na lawama hiyo ina msingi. Alijitoa kwa watu waliotaka kuturudisha chini ya mkoloni, na alifanya hivyo kwa hiari. Sitamtetea kwa hilo. Nasema tu kwamba mtu aliyeingia jeshini akiwa na miaka 10 hakuwa na kitu kingine cha kujivunia katika mji ule zaidi ya utumishi wake, na alitaka kiandikwe. Utumishi wa mtu ukiandikwa kwa ukweli haumaanishi tumeusifu. Daftari zuri la hesabu linaandika yote, yanayopendeza na yasiyopendeza, ndiyo maana linaaminika.

Mwalimu wa Kiswahili na mwigizaji

Kazi moja ya maisha yake inatugusa kwa namna ya pekee. Katika Chuo Kikuu cha Berlin alifundisha Kiswahili, akiwa msaidizi wa lugha chini ya wasomi mashuhuri. Wanafunzi wake walikuwemo watu waliojiandaa kwa kazi za utawala endapo Ujerumani ingerudishiwa makoloni. Maprofesa waliandika vitabu vya sarufi, lakini matamshi, salamu na ladha ya lugha vilitoka kinywani mwake. Malipo yalikuwa madogo. Aliacha kazi hiyo mwaka 1941.

Vilevile aliingia katika filamu. Kati ya mwaka 1934 na 1941 alionekana katika filamu zaidi ya 20, mara nyingi kwa dakika chache tu, akiwa mtumishi, mhudumu, mpagazi au askari. Ukizitazama filamu hizo hutaona jina lake likitajwa mara nyingi, lakini sura yake ipo, anafungua mlango, anabeba sinia, anasimama nyuma ya bwana mkubwa.

Nafasi yake kubwa ilikuwa ya mwisho. Ni filamu ya mwaka 1941 iitwayo Carl Peters, iliyochezwa na mwigizaji maarufu Hans Albers. Mahjub aliigiza kama Ramasan, kiongozi wa njia wa Peters. Sisi tunamjua Carl Peters kwa jina alilopewa na babu zetu, Mkono wa Damu. Ndiye aliyezunguka Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami mwaka 1884 akiwawekea machifu mikataba wasiyoijua maana yake. Filamu ilimfanya shujaa. Mtoto wa Dar es Salaam, karani wa zamani wa Lindi, akawekwa pembeni yake kama mtumishi mwaminifu.

Vita vya pili vilipoanza mwaka 1939, Mahjub aliomba kuingia tena jeshini. Alikataliwa.

Sachsenhausen

Mwaka 1935 Ujerumani ilikuwa imetunga sheria za ubaguzi zilizokataza ndoa na mapenzi kati ya Wajerumani na Wayahudi, na baadaye makatazo hayo yakaelekezwa pia kwa watu weusi. Wakati wa filamu ya Carl Peters, Mahjub alikuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani nje ya ndoa yake. Alishtakiwa kwa mdomo tu, kwa kosa walilolibuni wenyewe, la kuchafua taifa lao. Agosti 1941 alikamatwa na Gestapo, polisi wa siri. Hakupelekwa mbele ya hakimu. Alipelekwa Sachsenhausen, kambi ya mateso iliyo Oranienburg, kaskazini mwa Berlin.

Alikaa humo miaka mitatu na zaidi. Alikufa tarehe 24 Novemba 1944, akiwa na miaka 40. Miezi mitano baadaye kambi ile ilikombolewa.

Ni vigumu kuyasoma maisha haya bila kuona mstari mmoja ulionyooka. Mwaka 1929 walikataa deni lake. Mwaka 1934 walikataa nishani yake. Mwaka 1939 walikataa kumpokea jeshini. Mwaka 1941 walikataa hata kumfikisha mahakamani. Kila mara mkono uliotia sahihi ulikuwa wa ofisa aliyekaa mezani akiwa na jalada mbele yake. Nishani ni kipande cha chuma, na wengine watauliza ilikuwa na faida gani. Faida yake ni kwamba inamtambulisha mtu kwa serikali. Inasema huyu alikuwepo na alifanya jambo hili, na sisi tumekiri kwa maandishi. Serikali isiyotaka kuandika kwamba mtu alikuwepo haioni taabu kumwondoa.

Mwaka 2007, katika mtaa wa Brunnenstraße, nyumba namba 193, jiwe dogo lenye bamba la shaba lilitiwa kwenye njia ya waenda kwa miguu. Mawe ya namna hiyo yamewekwa na msanii Gunter Demnig kwa maelfu mbele ya nyumba za watu waliouawa na utawala wa Hitler. Mwaka huo huo Marianne Bechhaus-Gerst, mtafiti wa Kijerumani, alitoa kitabu cha maisha yake, na mwaka 2013 ikatoka filamu ya Eva Knopf iliyomtafuta katika picha zile za zamani alizosimama nyuma. Kumbukumbu yake imesahihishwa, lakini na watu wengine, na miaka zaidi ya 60 baada ya kufa.

Wengine waliosubiri

Habari ya askari na karatasi haikuishia kwake. Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwalipa askari wazee waliobaki hai. Inasimuliwa kwamba ofisa wa benki alikwenda Mwanza, na wazee wapatao 350 wakakusanyika. Wachache tu walikuwa bado na hati za mwaka 1918. Wengine walishika vipande vya sare za zamani. Basi, kwa mujibu wa masimulizi hayo, kila mzee alipewa ufagio na kuamriwa kwa Kijerumani afanye mazoezi ya bunduki, na hakuna hata mmoja aliyeshindwa. Ni hadithi inayochekesha na kuumiza kwa pamoja. Mzee wa miaka 70 anathibitisha utumishi wake kwa kucheza gwaride na ufagio, kwa sababu karatasi imeliwa na mchwa.

Upande wa Waingereza nao haukuwa bora. Kariakoo ya Dar es Salaam ilipata jina lake kutoka kwa kikosi cha wapagazi wa vita vile. Sanamu ya askari pale katikati ya jiji iliwekwa mwaka 1927 kuwakumbuka wote kwa jumla. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa taarifa na kuomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, waliokufa katika vita vya kwanza, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Miongoni mwao wamo waliopita katika bonde letu la Lukuledi na mizigo kichwani. Huenda ni babu wa babu wa msomaji wa ukurasa huu.

Nyaraka za wazee wetu

Kwa nini haya yote katika kijitabu cha kuchangia maendeleo? Kwa sababu wako wazee katika kata zetu ambao mambo yao yanafanana na ya Mahjub, ingawa, tunashukuru Mungu, bila mwisho ule. Kuna waliopigana vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979. Kuna waliotumikia polisi, magereza, reli, bandari na shule. Kuna wajane wa watu hao. Wengine walistahili nishani na hawakuwahi kuitwa. Wengine jina lao kwenye cheti ni la ukoo na kwenye hati ya utumishi ni la babu. Wengine tarehe ya kuzaliwa imeandikwa mara mbili, kila mara mwaka tofauti.

Kwa uzoefu wangu wa kushughulika na hesabu za watu, mambo haya machache husaidia:

1. Kusanya kila kilichopo kabla hujakwenda popote: barua ya kuajiriwa au kuandikishwa, namba ya utumishi, cheti cha kumaliza utumishi, picha, kitambulisho cha zamani, hata bahasha yenye muhuri.

2. Mketishe mzee na umwandikie maelezo yake: alijiunga mwaka gani, kikosi kipi, mkuu wake alikuwa nani, alikuwa na nani. Majina ya wenzake walio hai ni ushahidi mkubwa.

3. Majina yakitofautiana, pata hati ya kiapo inayoeleza kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja. Fanya hivyo mapema, mzee angali hai na anaweza kutia sahihi mwenyewe.

4. Omba kwa maandishi jambo moja mahususi. Barua inayodai kila kitu kwa pamoja huzungushwa. Barua inayosema kumbukumbu hii haina kitu hiki, na ushahidi ni huu, hujibika.

5. Usikabidhi nakala halisi bila kubaki na kivuli chake, na hakikisha barua yako imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Ukiambiwa umechelewa, tarehe hiyo ndiyo ngao yako.

6. Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Sababu iliyoandikwa inaweza kujibiwa. Ya mdomo haina mwenyewe.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji elimu kubwa. Yanahitaji nauli, muda, fedha ya kutoa nakala, na mtu wa kukaa na mzee bila haraka. Vitu hivyo ndivyo wazee wetu wengi hawana, na chama kama chetu kinaweza kuvipata.

Ombi

Ndugu zangu, miradi mikubwa ya mwaka huu imeelezwa katika kurasa nyingine, na naomba tuichangie kwa moyo kama tulivyozoea. Lakini naomba pia kila mmoja wetu, atakapojaza fomu ya ahadi iliyomo katika kijitabu hiki, atenge kiasi chochote kwa ajili ya kuwasaidia wazee na wajane kusahihisha nyaraka zao. Asiye na fedha atoe siku moja ya likizo yake akija nyumbani. Vijana waliosoma, mlio na simu nzuri na mwandiko unaosomeka, mnaweza kufanya kazi hii katika kijiji kizima kwa wiki moja. Kilichotolewa na kilichotumika kitaonekana katika hesabu za mwakani, shilingi kwa shilingi, na majina ya waliosaidiwa yatahifadhiwa ofisini kwa siri yao.

Na ukipita Mahiwa safari ijayo, mwambie mtoto aliyekaa nawe garini kwamba hapa, Oktoba 1917, alijeruhiwa mtoto wa miaka 13 aliyekuwa karani mjini Lindi, jina lake Mahjub bin Adam Mohamed. Mwambie alidai aandikwe, akakataliwa, na kwamba sisi tumemwandika.

*Mwandishi ni mhasibu na mwanachama wa chama hiki anayeishi Dar es Salaam.*